Pikapu ya Baba Wakati wa Eda

Bububu,
Unguja.
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Muhiddin,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa baridi ya viyoyozi vya huko Maskati kimeshapoa. Sisi huku tunashukuru. Bibi Mwanapili magoti yanamuuma kwa sababu ya mvua za vuli, lakini bado anaswali kwa kusimama na ukimletea kiti anakutazama kama umemtukana. Mama mwili wake ni mzima. Mimi nimo katika mitihani ya kumaliza mwaka. Hisabati nimeshafanya, na haikunitisha kama nilivyodhani.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono. Simu tunapigiana, lakini tangu mwezi wa Julai simu zetu zote ni za namna moja: wewe unauliza hali, mama anasema alhamdulillahi, kisha pande zote mbili zinakaa kimya mpaka mtandao unakatika. Jirani yetu Bi Faiza anasafiri Jumapili kuja huko kumtazama binti yake aliyejifungua, naye amekubali kunibebea barua hii pamoja na kifurushi cha mama. Nimeona niandike, kwa sababu katika barua hapana anayeweza kunyamaza kabla sijamaliza.

Jambo lenyewe ni pikapu ya baba.

Ami Himid alituambia kwamba umemwambia, "Uzeni." Anaye mnunuzi wa Mahonda ambaye huvunja magari na kuuza vipande vipande. Sikulaumu, kaka. Uliambiwa gari limekufa, na siku uliyoambiwa lilikuwa limekufa kweli. Ila nadhani hukuelezwa lilikufaje, wala hujaelezwa yaliyotokea Jumamosi na Jumapili iliyopita. Mnunuzi atarudi Jumamosi ya tarehe 23. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia Ami tena.

Nianze na siku ambayo hukuwepo, na najua kwamba kutokuwepo kwako hukukutaka wewe. Siku ya hitima ya baba, masufuria yaliyopikiwa yalikuwa yale yale yetu, na majamvi yaliyotandikwa yalikuwa yale yale ambayo baba ameyapeleka katika harusi na matanga ya watu kutoka hapa mpaka Nungwi na kurudi. Wanaume waliyapakua kutoka kwenye pikapu wao wenyewe, kwa fujo, sufuria kubwa wakiliburura chini. Bwana Mabrouk, ambaye miaka yote alikuwa akipakia na kupakua pamoja na baba, alisimama pembeni akilia, na hakuweza hata kuwaambia kwamba sufuria lile hubebwa na watu wanne.

Nyumba ilijaa watu mpaka jikoni. Mchele uliobaki ukawekwa nyuma ya pikapu chini ya turubai, hapo uani karibu na dirisha la jiko. Gunia moja lilikuwa limepasuka. Watu walipoondoka hapana aliyelikumbuka. Bwana Mabrouk, ambaye leseni anayo, alikuja kuomba ufunguo ili awe analiwasha gari mara moja moja, betri isife. Mama akasema hapana mtu atakayekaa kwenye kile kiti mpaka atoke edani. Nani angebishana naye? Pikapu ikakaa pale pale, mlango wa baba ukiitazama nyumba.

Panya tulianza kuwasikia wakati wa magharibi, wakikwaruza. Mimi nilisema tununue sumu. Bibi akakataa kabisa. "Mauti yashaingia nyumba hii mara moja," akasema. "Sitaki kufe kitu chengine hapa, hata panya, mpaka mwanangu amalize eda yake." Basi kila Alhamisi jioni, akishafukiza vyumba, alikitoa chetezo uani, akafungua boneti na kukiweka juu ya injini na makaa yake, ili moshi wa udi uwafukuze. Alisoma na dua. Panya walinyamaza mpaka moshi uishe, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Siku Ami alipokuja na yule mnunuzi, walizungusha ufunguo wakiwa wamesimama nje na gari halikutoa hata mlio. Mnunuzi akachungulia ndani ya boneti akacheka. "Hapa pana mji mzima wa panya," akasema, "bado msikiti tu." Hapo hapo uani ndipo Ami alipokupigia simu. Mama alikuwa nyuma ya pazia la dirisha la jiko na alisikia kila neno, hata lako.

Kaka, nataka ujue mama alivyo siku hizi, kwa sababu yeye mwenyewe hatakwambia. Masufuria yamepangwa chini ya ngazi, yana vumbi. Zamani yakirudi tu kutoka shughulini alikuwa anayasugua kwa mchanga na kuyahesabu moja moja, na baba akimtania kwamba anayapenda kuliko watoto. Kazi ile ya kukodisha vyombo tunaiita ya baba, lakini baba alikuwa akiendesha tu. Watu walikuja kuagiza kwa mama, mama ndiye aliyejua harusi ya watu fulani inataka majamvi mangapi. Sasa anakaa juu ya mkeka ameshika sindano na kofia isiyokwisha, na mara nyingine nikimtazama vizuri naona hashoni. Ameishika tu.

Lakini siku ya pili baada ya mnunuzi kuja, nilipokuwa navaa sare ya skuli, aliniita. "Ukirudi, pita kwa Fundi Ame umwambie aje Jumamosi. Na Ami'yo akiuliza, mwambie nimemwita mimi."

Fundi Ame humjui, kibanda chake amekifungua baada ya wewe kuondoka. Ni mtu wa Nungwi, fundi umeme wa magari, mfupi, mwenye maneno mengi. Alipofungua boneti alinusa kwanza.

"Ee! Panya wa huku wanafukizwa udi? Mbona wananukia kuliko mimi?"

Bibi akamjibu kutoka barazani kwamba ni yeye aliyewafukiza ili wahame.

"Bibi! Makaa ya moto juu ya injini yenye petroli? Panya asingehama. Ungehama wewe, na sisi jirani zako tungekufuata!"

"Basi kama hawakuhama," Bibi akasema, "ni kwamba waliupenda. Udi wangu mzuri."

Fundi alitoa kile kiota kwa koleo na kukiweka juu ya gazeti. Kilikuwa kikubwa kama chungu cha mchuzi, kimekaa baina ya injini na betri. Panya wenyewe walikuwa wameshakimbia. Mlikuwa na makapi ya mchele, ukindu wa majamvi, sifongo ya kiti, na katikati, palipokuwa laini zaidi, palikuwa na vitambaa vyeupe vilivyotafunwa vikawa kama pamba. Kimoja kilikuwa bado kizima, upana wa kiganja. Nikakiona kina vitundu vilivyoshonwa duara, safu juu ya safu. Nikajua.

Ilikuwa kofia ya baba, ile ambayo mama alimshonea Idi iliyopita. Kumbe alikuwa ameiweka nyuma ya kiti chake, na panya wameingia kupitia tundu la kwenye pedali wakaivuta kidogo kidogo.

Hili lina uzito ambao huujui. Mama aliitafuta kofia ile tangu wiki ya kwanza. Nguo za marehemu ziligawiwa sadaka na Ami Himid, na mama aliamini kwamba Ami ameitoa pamoja na nguo bila kumuuliza. Ami aliapa kwamba hakuiona. Tangu siku hiyo Ami akija anaitikiwa salamu tu. Nilipompelekea mama kile kitambaa alikishika kwa muda mrefu, akakinusa, akakiweka ndani ya msahafu wake. Hakulia. Alisema, "Nimemdhulumu Himid," kisha akaniambia nirudi kwa fundi, asingoje.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe wa gari. Panya hawakukata nyaya tu. Walikula ile plastiki ya juu, urefu wa mkono mzima, ikabaki shaba tupu. Fundi alisema nyaya kukatwa si kitu, unaunga. Tabu ni kwamba fundi huzijua nyaya kwa rangi zake, na rangi zote zilikuwa zimeliwa. Alikuwa na fungu la nyaya zilizokatika upande huu na fungu jengine upande ule, na hajui upi ni wa upi. Akakaa juu ya tairi la akiba na kujifuta jasho. "Hapa nitakisia mpaka Ramadhani," akasema.

Ndipo mama akaniita dirishani. Wajua alivyo mkali katika eda yake: hasemi na mwanamume asiyekuwa wa ukoo. Lakini dirisha liko hatua mbili kutoka kwenye gari.

"Mwambie fundi, ule unaopita chini ya betri ni wa taa ya kulia. Baba'ko aliubadilisha siku tuliyokwama njia ya Kizimkazi, na mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Nikageuka kumwambia fundi, naye alikuwa ameshaushika.

"Mwambie mama'ko nshasikia."

"Mama, fundi anasema keshasikia."

"Nami nshamsikia kuwa kasikia," mama akasema. "Sasa mwambie ulio nyuma yake unakwenda kwenye stata. Ule una fundo, marehemu aliuunga kwa haraka. Aupapase, atalikuta."

Fundi akapapasa, akalikuta. "Allahu akbar," akasema. "Mwambie mama'ko nnahitaji msaidizi kibandani kwangu."

"Mwambie aunge waya, aache maneno."

"Lakini nyinyi wawili," Bibi akasema kule barazani, "mnasikiana vizuri kabisa. Mnamchosha mtoto kwa nini?"

Kaka, mama alicheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyekohoa, na baadaye akavuta pazia likafunika dirisha lote. Lakini nilikisikia, na hicho ndicho cha kwanza tangu Julai.

Tuliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Mama alikuwa akifumba macho kukumbuka. Mara nyingine alisema, "Huo siujui, baba'ko aliutia nilipokuwa nnapika wali," na fundi akauweka kando kuupima kwa taa yake ndogo. Kisha waya ukatuishia. Nikapanda gari kwenda mjini, madukani Mlandege, nikiwa na kipande cha kila unene ndani ya mkoba wangu wa skuli. Muuza vipuri alinitazama juu mpaka chini. "Mwanafunzi, mnaunda roketi skuli?" Nikamwambia ni gari la baba yangu, limeliwa na panya. Akauliza baba mwenyewe mbona hakuja. Nikasoma maandishi ya kwenye makopo ya oili mpaka akaelewa. Akanipimia waya, akaongeza tepu mbili.

Jumapili fundi alirudi asubuhi. Alichomelea kila kiungo kwa risasi iliyoyeyushwa, akavika tepu, kisha akazipitisha nyaya zote ndani ya mpira ili zisifikiwe na meno. Mimi na Bwana Mabrouk tulifagia mchele wote nyuma ya pikapu na kuliosha turubai. Mvua ilikuwa ikinyesha na kukatika, na kila ikinyesha tulishika boneti na mwavuli juu ya fundi kama bwana harusi.

Baada ya alasiri aliwasha. Mara ya kwanza likakohoa likazima. Mara ya pili likawaka, likatoa moshi wenye harufu ya udi na mkojo wa panya, harufu mbaya ambayo sitaisahau, na likaendelea kunguruma. Bwana Mabrouk akatoka nje ya lango akasimama huko peke yake.

Ulikuwa umebaki waya mmoja, ambao mama hakuujua. Fundi akauunga, akaingiza mkono dirishani mwa gari na kujaribu honi. Akaibonyeza mara mbili.

Unakumbuka kwamba baba alikuwa akifika kona ya msikiti anapiga honi mara mbili? Na mama alikuwa akisikia anatia maji ya chai motoni, ili yakichemka baba awe ameshavua viatu. Fundi hakujua. Alibonyeza mbili kama ambavyo mtu yeyote angebonyeza. Nilikimbia ndani. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko. Birika lilikuwa limeshatiwa maji na moto unawaka, naye ana kiberiti mkononi na anaukabili mlango wa mbele. Nilipoingia mimi, uso wake ulibadilika, na sitaki kukuelezea ulivyobadilika.

Tukasimama. Maji yakaanza kulia.

"Nshatia maji," akasema mwisho. "Basi na tunywe chai. Mpelekee fundi na Mabrouk."

Fundi alipokuwa akinywa, mama alinituma nimwambie aikate ile honi. Fundi akafikiri. "Mwambie mama'ko nitaikata akitaka. Lakini gari bila honi haifai njiani, itaua mtoto wa mtu." Nikarudisha maneno. Mama aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Basi mwambie Mabrouk asipige mbili. Apige moja."

Kuhusu malipo, fundi alisema mwezi ujao anamuoza binti yake Nungwi. Anataka masufuria makubwa yote na majamvi yote, na anataka yaje na gari hii hii, watu wa Nungwi waione kazi yake. Mama hakusema ndiyo. Lakini usiku ule ule alilitoa sufuria moja chini ya ngazi na kulipangusa.

Jioni ya siku hiyo alimwita Ami Himid. Nyuma ya pazia alimwomba radhi kwa habari ya kofia. Ami akasema, "Shemeji, yamekwisha. Na gari mimi sina haja nayo. Nliona inaoza, na mwenye sehemu kubwa yuko Maskati. Muhiddin akisema isiuzwe, haitouzwa." Kwa hiyo neno liko kwako. Bwana Mabrouk yuko tayari kuendesha, na mama anatoka edani mwisho wa mwezi huu. Akitoka akute lango wazi na uani patupu, naogopa hatakuwa na sababu ya kutoka zaidi ya hapo.

Najua baba na wewe hamkuagana vizuri kwa ajili ya pikapu hii. Yeye alitaka ukae uendeshe, wewe ulitaka kwenda. Sikuandikii ili urudi. Wala si kwamba nadhani gari likiwaka baba anarudi, nimeshaona kwa macho yangu kwamba harudi. Naomba neno moja tu, "Lisiuzwe," umwambie Ami kabla ya Jumamosi. Nalitumaini, ingawa hata likija jengine nitabaki kuwa mdogo wako.

Ndani ya kifurushi utakuta pilipili ya kusaga, karafuu, na uzi mweupe uliokunjwa ndani ya karatasi. Uzi huo ni kipimo cha kichwa cha baba. Mama alikuwa nao siku zote ndani ya kikapu chake cha kushonea. Sasa ameanza kofia nyengine, kwa vitundu vile vile, na hajasema ni ya nani. Ameniambia tu nikwambie uuzungushe kichwani, juu ya masikio, usiukaze, kisha umpe Bi Faiza arudi nao.

Bibi anakusalimu sana na anauliza kama huko mnapata udi mzuri, wake umekwisha. Ami Himid na Bwana Mabrouk wanakusalimu. Nawe msalimie Anuar mnayekaa naye chumba kimoja. Mama salamu zake nimeshakuandikia, ziko ndani ya karatasi pamoja na uzi.

Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi yako na safari zako, amrehemu baba yetu, na atukutanishe tukiwa wazima.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Ulfat

Mama amesoma juu ya bega langu na anasema nimesahau jambo. Uzi ukiona ni mrefu kwako, usiukate. Funga fundo mahali unapokomea, uurudishe wote.